Pipa Lisilofunuliwa

Hafswa alizaliwa na kinyaa. Mamake husimulia kwamba alipokuwa mtoto wa kutambaa aliwahi kukataa ziwa kutwa nzima kwa sababu nzi alikuwa ametua juu yake, na ingawa hadithi hiyo imetiwa chumvi, hapo Shela ya Malindi hakuna aliyejisumbua kuikanusha. Akienda arusini alibeba kijiko chake mwenyewe mkobani. Unywele ukionekana kwenye chai ya jirani, yeye aliyekuwa na kikombe safi ndiye aliyetoka mbio kwenda kutapika. Watu walimcheka na kumwita Bi Kinyaa. Lakini walipotaka mboga ya kupika nyumbani, walimtafuta huyohuyo Bi Kinyaa.

Kazi yake ilikuwa kuuza mboga za majani: kunde, mchicha na mnavu. Zilitoka Dabaso, kwenye shamba dogo la mumewe Uweis, na mlimaji wake alikuwa Jedida, mwanamke kutoka upande wa Busia aliyeletwa pwani na kazi ya hoteli, hoteli ikafungwa, naye akabaki. Jedida na bintiye mdogo, Cindy, walikaa palepale shambani kwenye nyumba ya makuti. Yeye alilima na kuchuma, Uweis akazileta mboga mjini kwa tuktuk yake, Hafswa akauza, wakagawana nusu kwa nusu. Jembe lilikuwa la Jedida, lakini kilichouza kilikuwa jina la Hafswa. Wanawake wa Shela walisema kwamba kama Bi Kinyaa mwenyewe ameishika, basi hiyo mboga haina haja ya kupekuliwa.

Halafu wakaja vidukari.

Mtu asiyewajua vidukari na amshukuru Mungu. Ni wadudu wadogo weusi, wanono, laini, wasio na haraka yoyote duniani. Hawaumi wala hawapigi kelele. Wanajipanga kwenye ncha changa za kunde, mmoja juu ya mwenzake, mpaka kijiti chenyewe hakionekani, na kazi yao ni kufyonza. Wakishafyonza, wanatoa kwa nyuma majimaji matamu yanayonata. Majimaji hayo yanadondokea majani ya chini, yanashika vumbi, yanaota ukungu mweusi, kisha wanakuja chungu kuyalamba. Yaani mdudu anakunya, mdudu mwingine anakula, na binadamu naye amesimama pembeni na nazi yake mkononi anangoja zamu!

Waligunduliwa mahali pabaya kuliko pote. Bi Ruqaiya, mjane mwenye nyumba kubwa karibu na msikiti, ambaye kila Alhamisi alasiri wanawake wa mtaa hukusanyika kwake kusoma Yasini, alikuwa amepika kunde za Hafswa kwa ajili ya wakwe waliotoka Lamu. Alizipika kwa tui zito jeupe. Mkwe mmoja aliona vidonge vyeusi vikielea juu ya tui akadhani ni pilipili manga, akala, akasifu, akaongeza. Alipofika katikati ya sahani aliona kwamba pilipili manga ile ilikuwa na miguu.

Bi Ruqaiya hakumtukana mtu. Alimwita Hafswa kesho yake, akamkalisha, akamfunulia bakuli lililokuwa limehifadhiwa kwa makusudi hayo. Hafswa alitupa jicho moja tu. Vidukari walikuwa wamevimba kwa tui, wameganda juu ya mafuta, na mmoja alikuwa amenata ukingoni mwa bakuli na matumbo yake nje. Alikimbilia mfereji wa uani na kutoa alichokula na alichokuwa hajakila.

"Mimi n'nanunua kwako kwa sababu ya hicho kinyaa chako, mwanangu," Bi Ruqaiya alimwambia aliporudi akipangusa mdomo. "Kikikuisha, n'takwenda sokoni kama watu wote. Na wenzangu watan'fuata."

Siku iliyofuata Hafswa alishuka Dabaso akiwa ameshika pindo la buibui puani hata kabla tuktuk haijasimama. Jedida alimpokea kwa uso wa mtu anayejua anachokuja kuambiwa. Mistari ya kunde ilikuwa imejikunja majani, na kwenye kila ncha palikuwa na ule weusi unaong'aa. Hafswa aliinama aone vizuri, akaona weusi wote ukitikisika kidogo, kila mmoja akijisogeza amkanyage mwenziwe, na ngozi ya mikono yake ikasimama vipele. Alirudi nyuma mpaka barabarani. Mazungumzo yote baada ya hapo aliyafanya kwa kupaza sauti.

Sumu ya dukani hakuitaka, na hapo alikuwa na akili zake. Kunde ya mboga huchumwa majani leo na keshokutwa tena, na ile sumu inamtaka mtu asubiri kabla ya kula. Nani Malindi atasubiri? Kwenye ua palikuwa na mwarubaini mkubwa, basi akamwelekeza Jedida kama alivyoelekezwa na shangazi yake: twanga majani, uyaloweke usiku kucha, uchuje, utie sabuni ya kipande iliyoparuzwa, upulize jioni jua likipoa. Jedida akafanya hivyohivyo, bila kupunguza wala kuongeza.

Vidukari walipungua, lakini hawakuisha. Mwarubaini hauna papara. Haumwangushi mdudu papo hapo. Unamkatisha hamu ya kula na kumvuruga uzazi, kisha unamwachia afe kwa wakati wake. Mkulima mwenye subira angeshukuru. Hafswa hakutaka kidukari aliyekosa hamu ya kula. Alimtaka kidukari maiti, tena maiti aliyedondoka chini akaliwa na chungu, asibaki hata ukucha wa kumwona kwenye jani.

"Jedida, hebu nisikilize," alipaza sauti kutoka barabarani. "Wewe ndiye mkulima. Fanya ujuavyo. Lakini akionekana kidukari mmoja mjini, mmoja tu, mimi na wewe basi, na hapa utahama."

"Sawa, Mama Zayd," Jedida alijibu. Hafswa ana mtoto mmoja, Zayd, na Jedida hakuwahi kumwita kwa jina jingine. "Iko namna mama yangu alikuwa anatumia kule kwetu. Wacha nijaribu hiyo."

Baada ya hapo nyuma ya nyumba ya makuti palitokea pipa la plastiki la buluu, limefunikwa kifuniko na juu yake gunia. Harufu yake ilimfikia mtu kabla hajaliona. Haikuwa harufu ya majani yaliyooza tu, ingawa majani yalikuwamo. Ilichoma macho, ikapanda puani, ikakaa nyuma ya koo, na mtu akameza mate akaionja. Hafswa alipofika mara ya kwanza akiwa hana habari, alijikuta ameshika mti kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili.

"Kefule! Umetia nini humo?" alipiga kelele kutoka kwenye kivuli cha mwarubaini.

"Ni majani ile ile, Mama Zayd. Nimeacha ioze vizuri, na nimeongeza kitu kidogo ya kwetu. Kuja nikufunulie uone."

"Mimi niangalie uozo? Sitaki kuona, na sitaki kujua. Wafe tu."

Jedida alicheka kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Na Hafswa akaondoka akiwa ameridhika nafsi yake, kwa sababu mtu wa kinyaa huhesabu kugeuza uso kuwa ni usafi.

Dawa ilifanya kazi. Tena haikufanya nusunusu. Vidukari walikauka wakapukutika, chungu wakahama, ukungu ukakoma, na juu ya hayo yote kunde zenyewe zikanenepa. Majani yakawa mapana, ya kijani kilichokoza, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Uweis aliyapakia kwenye tuktuk akisema hajaona kunde za namna hiyo tangu azaliwe. Hafswa aliyakagua jani moja moja kwa miwani ya mamake, mbele na nyuma, asione hata doa.

Alhamisi hiyo alizipeleka mwenyewe kwa Bi Ruqaiya. Wanawake walikuwa wameshakaa kwenye mikeka, Yasini imekwisha, kahawa inapita. Alitoa shikamoo kwa kila mkubwa, akaweka kikapu katikati.

"Nzuri," alisema Bi Ruqaiya, akiligeuza fungu asiliamini. "Nzuri kupita kiasi. Umewapulizia sumu gani wale wadudu?"

"Sumu sina. Ni majani tu, Bi Ruqaiya. Mwarubaini na sabuni."

"Kila mwenye sumu husema majani. Binti yangu ni mja mzito, Hafswa. Nambie kweli."

Hafswa aliona nyuso zote zimemgeukia, na akaona pia kwamba neno tupu halingetosha. Basi akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kudhani atalifanya. Akachomoa jani moja kutoka kwenye fungu, bichi, halijaoshwa, lenye vumbi la safari, akalitia kinywani. Akalitafuna polepole, wote wakiona. Akalimeza. Lilikuwa na uchungu kidogo na chumvichumvi kwa mbali, akadhani ni sabuni.

Chumba kizima kilishangilia. Bi Kinyaa amekula jani halijaoshwa! Bi Hindu, mkongwe kuliko wote pale, alicheka mpaka ushungi ukamvuka. Kikapu kiliisha kabla kahawa haijaisha, na mwenye kuosha sana na mwenye kuosha kidogo wote wakamuuliza jinsi ya kuzitayarisha.

"Wadudu hamna, sumu hamna," alijibu, kichwa kimemvimba kwa sifa. "Hata kuosha si lazima sana. Suuza kama unataka, tia chunguni."

Na kwa nini wahangaike, kama Bi Kinyaa hakuhangaika? Wengine walisuuza kwa maji ya bakuli moja, wengine hawakusuuza. Mambo yakaenda hivyo wiki baada ya wiki, na jina lake likarudi likiwa na nguvu kuliko zamani.

Kilichomrudisha shambani bila kutarajiwa kilikuwa mlimau wa Bi Hindu. Nao uliingia vidukari, na bibi huyo akataka chupa ya ile dawa ya ajabu. Ilikuwa Alhamisi. Hafswa alipanda tuktuk ya Uweis asubuhi, chupa tupu mkononi, akinuia kumwagiza Jedida aijaze, yeye asikaribie. Kwenye nyumba ya makuti hakukuwa na mtu. Akafuata sauti ya ng'ombe mpaka kwenye ua wa jirani, mzee Ziro, na hapo, kupitia fito za ua, akamwona Jedida.

Jedida alikuwa amechutama nyuma ya ng'ombe wa Ziro, ndoo mikononi, akimbembeleza ng'ombe kwa maneno ya kwao. Ng'ombe akainua mkia. Mkojo ukashuka kwa kishindo, wa manjano, unatoa mvuke, ukirukia ukingo wa ndoo na kumwagikia vidole vya mshikaji, naye Jedida hakujali. Alisubiri mpaka tone la mwisho, akamshukuru ng'ombe, akainuka. Alipogeuka alimwona Hafswa.

"Eh, Mama Zayd! Karibu. Leo umekuja kuona kazi?"

"Hiyo," Hafswa alisema, akiinyooshea ndoo kidole, "hiyo ya nini?"

"Hii? Ni ya dawa. Iko karibu kuisha kwa pipa, naongeza."

Hafswa hakuona tena ua wala ng'ombe. Aliyaona yale majani mapana, yaliyonona, yanayong'aa. Alilisikia lile jani likivunjika katikati ya meno yake. Ile chumvi. Ile chumvi aliyodhani ni sabuni! Alianguka magoti akatapika, na kila alipodhani yamekwisha, kumbukumbu ya ile chumvi ilimpandia upya. Alijikwangua ulimi kwa pindo la leso. Alichota mchanga akausugulia mdomo. Jedida alikimbia kumletea maji, Hafswa akayaona yanavyobebwa na vidole vilevile, akatapika tena.

"Umeniua, Jedida! Umenilisha najisi! Umelisha mji mzima najisi!"

"Najisi ni nini?"

Swali hilo lilikuwa la kweli. Ilibidi amweleze, amekaa chini, mdomo umejaa mchanga: kwamba mkojo, wa mnyama ama wa mtu, kwao ni najisi, kwamba ukigusa nguo haisaliwi mpaka ifuliwe, ukigusa chombo hakitumiwi mpaka kioshwe. Jedida alisikiliza huku rangi ikimtoka usoni.

"Mimi sikujua, Mama Zayd. Kwetu hii ni dawa ya kunde tangu zamani. Unaacha inalala na majani, unachanganya na maji mingi, wadudu wanakufa, na kunde inanenepa. Na mtu si anaosha mboga kabla ya kupika?" Aliisogeza ndoo mbali kwa mguu. "Nilisema nikufunulie uone. Ungeniambia siku ile, ningewacha siku ile."

Hafswa aliinuka akaenda kwenye tuktuk bila kuaga.

Uweis alimsikiliza njia nzima bila kumkatiza, kisha akasema kwa ule upole wake unaokera. "Ulichokila hukukijua, na Mungu hamtii mtu hatiani kwa asilolijua. Najisi yenyewe ni ya kuoshwa kwa maji ikaondoka. Waambie leo waoshe mboga, watoharishe vyombo. Jedida ataacha kutia. Basi."

"Niliwaambia kuosha si lazima."

"Na hilo uwaambie."

Alijipiga mswaki mpaka ufizi ukatoka damu. Alikoga, akatawadha, akavaa nguo nyingine, na alasiri akaingia kwa Bi Ruqaiya. Harufu ya kunde za nazi ilimpokea mlangoni. Sufuria ilikuwa jikoni, imeshaiva, na siku zote alikuwa akiipenda harufu hiyo. Leo ilimpandisha nyongo.

Hakukaa. Alisimama mlangoni mwa chumba akayasema yote kwa mkupuo mmoja, pipa, ng'ombe, ndoo, jani, na kwamba asile mtu.

Mmoja akatema mate kwenye kitambaa. Mwingine akaziba mdomo akakimbilia uani, na sauti yake ya kutapika ikawafanya wawili wengine wamfuate. "Astaghafirullah," kila pembe. Binti wa Bi Ruqaiya, mja mzito, aliitazama mikono yake yote miwili kana kwamba si yake. Hafswa alitamani ardhi ipasuke.

Bi Hindu ndiye aliyeinua mkono kwanza. "Haya, tumeshatapika. Sasa tuoshe. Sufuria imwagwe, vyombo vitoharishwe, nguo zifuliwe. Maji yapo. Kwani ni nani hapa hajapata kuguswa na mkojo wa mtoto akasali baada ya kufua? Mtoto wa watu amekosea, amekuja kusema mwenyewe. Kaa, Hafswa."

Na pengine yangeishia hapo. Njia ilikuwa wazi, pana, mtu apite tu. Lakini Bi Ruqaiya hakuwa amemaliza. Alikuwa amelisha wakwe wa Lamu kunde hizo mara mbili tangu zile za kwanza, na alihitaji mahali pa kulitua jambo hilo.

"Subiri, Hindu," alisema. "Hafswa si mtu wa kukosea mambo ya usafi, sote twamjua. Hili amefanyiwa. Yule mwanamke wa bara amemfanyia." Akamgeukia Hafswa, sauti yake ikalainika ikawa ya mama. "Hawa watu hawana kinyaa, mwanangu, ndivyo walivyo. Nambie kitu kimoja tu na tulimalize. Ulijua ametia kitu, au alikuficha?"

Hafswa alifungua mdomo. Palikuwa na maneno mawili ya kweli ya kusema, *sikutaka kujua*, na yalikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Aliwatazama wanawake wale walioacha kumtazama kwa kinyaa na kuanza kumtazama kwa huruma. Ile huruma ilikuwa tamu.

"Alinificha," alisema.

Chumba kikashusha pumzi. Mwingine akasema masikini, mwingine akamvuta mkono akamkalisha. Kahawa ikaletwa. Bi Ruqaiya akatoa hukumu bila kuombwa: mwanamke huyo atoke shambani kesho, atafutwe mwingine, muungwana, na mboga zitanunuliwa kama kawaida. Bi Hindu alikuwa akimtazama Hafswa kwa jicho la mtu aliyeona kitu kwenye chakula lakini hana uhakika. Hafswa aliinywa kahawa. Alipoimeza alihisi kitu kikipita kooni pamoja nayo, kikubwa kuliko lile jani, na hiki hakikutaka kurudi juu.

Asubuhi walipofika Dabaso, ile harufu haikuwako. Pipa la buluu lilikuwa limelazwa juani, limesuguliwa kwa mchanga na majivu ndani na nje mpaka plastiki imechubuka. Pampu ya kupulizia dawa imefunguliwa vipande vipande, imeoshwa, imeanikwa juu ya mkeka. Kando yake palikuwa na ndoo mpya ya majani ya mwarubaini yaliyotwangwa, yanalowa kwenye maji matupu. Jedida alikuwa kwenye kunde tangu alfajiri. Vidukari wachache walikuwa wameanza kurudi, naye alikuwa akiwaminya mmoja mmoja, ncha kwa ncha, mpaka dawa mpya iwe tayari. Alikuja akiwa na mikono myeusi hadi vifundoni, imenata matumbo ya wadudu, na uso wenye matumaini.

"Nimemwaga yote kule mbali, Mama Zayd. Nimeosha mara nyingi. Kama iko namna ya dini yenu ya kuosha, nionyeshe nirudie."

Hafswa alikuwa amejiandalia hotuba njiani. Ilimtoka fupi. "Wanawake wa mjini wamekataa. Itabidi uhame."

"Kwa sababu ya mkojo? Lakini nimeacha."

"Si mkojo."

"Ni nini, sasa?"

Uweis, aliyekuwa ameshika usukani wa tuktuk, aligeuza uso upande wa pili. Jedida alimwona akigeuza. Akamgeukia Hafswa, na yale matumaini yakamtoka usoni kidogo kidogo.

"Uliwaambia nilikuficha."

Haikuwa na sauti ya kuuliza. Hafswa alisema kitu kuhusu jina, kuhusu riziki ya wote wawili, kuhusu watu wa mjini walivyo, na alipokuwa akisema aliyasikia maneno yake yakinata. Jedida hakungoja amalize. Alimwita Cindy, wakaingia ndani, wakatoka na mzigo mmoja wa nguo na sufuria mbili. Hakudai kunde wala nusu yake. Hafswa alisimama palepale kwenye kijia, kati ya nyumba na barabara, akiwa hajui aende wapi.

"Tusameheane, Jedida," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akanyoosha mkono wake, safi, wenye harufu ya sabuni, kuelekea ile mikono myeusi. Wakati huo asingejali. Angeishika hata kama ingekuwa imetoka ndani ya pipa.

Jedida aliutazama mkono ule. Midomo yake ilijikunja kwa kinyaa. Akarudi nyuma hatua moja mpaka kwenye kunde, akamshika Cindy begani akamvutia kwake, akamfunika kwa leso, ili Hafswa akipita asimguse mtoto.